Mshauri Nasaha Si Somo: Jibu kwa Mwalimu wa Malindi

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi, nina umri wa miaka 43 na watoto watatu. Niliachika miaka mitano iliyopita, na tangu hapo wanawake wenzangu huja kwangu: aliyepewa talaka, aliyeletewa mke mwenza, aliyerudi kutoka Saudia akakuta nyumba si ile aliyoiacha. Wanasema mimi nina sikio. Sasa nataka kuifanya kazi hii kwa taaluma. Je, nisome nini, na je, niliyoyapitia mwenyewe yatanisaidia au yatanizuia? Tena nina jirani aliyefiwa na mumewe mwaka jana. Haonekani tena harusini wala msibani, nami sijui nimwambie nini.

Jibu: Mwalimu, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama hilo la masomo lina haja ya kujibiwa.

Uliyoyapitia yatakusaidia kuketi. Mwanamke aliyepokea talaka yake kwa ujumbe wa simu, chakula kikiwa bado jikoni, hutambua upesi kama aliye mbele yake anashtuka au anaweza kuyabeba maneno hayo bila kugeuza uso, na wewe bila shaka hutageuza uso. Lakini hayatakusaidia kujua yeye anahisi nini. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baada ya miaka mingi ya kazi hii ningeongeza kwamba hata kitanda ulichokilalia, akikilalia mwingine, kunguni wake huwa wengine.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Nikiwa bado mwanafunzi wa mazoezi niliketi na mwanamke ambaye mumewe alikuwa ameoa mke wa pili bila kumweleza, jambo ambalo mimi mwenyewe lilikuwa limenifika na nilikuwa nimeamua kuondoka. Kwa muda wa dakika arobaini nilimwuliza maswali ambayo yote, nilipokuja kuyasoma katika maandishi niliyompelekea msimamizi wangu, yalikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni kwamba aondoke. Msimamizi aliniuliza jambo moja: aliyekuwa akizungumza chumbani humo alikuwa mteja au nilikuwa mimi? Mwanamke yule hakurudi. Hakuwa amekuja kuuliza kama abaki au aondoke. Alikuwa amekuja kwa sababu halali usiku, na katika dakika zote zile sikumwuliza habari za usingizi hata mara moja.

Kwa hiyo sikio unalosifiwa nalo ni mali, lakini yaelekea wanawake wanaokuja kwako hawalifuati sikio peke yake. Wanafuata pia kinywa, yaani mawaidha ya mtu aliyevuka na kufika ng'ambo. Hiyo ni kazi ya somo, na sisi wa pwani tunaijua vizuri. Somo au kungwi humchukua mwali, humweleza mwili wake, nyumba yake, mume wake na maneno ya kuyatumia na ya kuyanyamazia, na hufanya hivyo kwa mamlaka ya mtu ambaye jamii nzima imemtuma. Mimi simdharau somo hata kidogo. Kuna mambo ambayo nilifundishwa na somo wangu ndani ya siku chache ambayo chuo hakikuyagusa kwa miaka. Lakini somo anajua mwali anapaswa kufika wapi, ilhali mshauri nasaha hajui, na akijifanya anajua huwa ameiacha kazi yake. Sehemu kubwa ya mafunzo utakayoyapata ni ya kukunyamazisha ule ulimi wa somo, na kwa mwalimu wa shule, ambaye amezoea kuwa na jibu la swali mwishoni mwa kitabu, hilo ndilo litakalokuwa gumu kuliko mitihani yote.

Tukiwa bado na somo, kuna jambo ambalo ningependa ulichukue kabla ya kufungua kitabu chochote. Mwaka 1909 mtaalamu wa mila Arnold van Gennep alieleza kwamba sherehe za kuvuka hatua za maisha, pote alipozichunguza, zina sehemu tatu: mtu hutengwa na hali yake ya zamani, hukaa kati kwa kati asiwe huyu wala yule, kisha hurudishwa kwa watu akiwa na cheo kipya. Bibi zetu wangemwambia kwamba hilo halihitaji utafiti: mwali huingizwa ndani, hukaa, hutolewa. Mzazi huwekwa ndani siku arobaini akikandwa na kupikiwa. Aliyefiwa na mume hukaa kizuka kwa miezi minne na siku kumi, kama ilivyowekwa katika Sura ya pili ya Kurani, isipokuwa mwenye mimba ambaye eda yake humalizika anapojifungua. Katika yote hayo kuna mlango wa kuingilia, kuna watu wanaojua kazi yao, na kuna siku ya kutoka.

Sasa tazama mabadiliko yanayowaleta wanawake kwako. Mtalaka ana eda, lakini nani humtembelea katika eda hiyo kwa sahani na sufuria kama wanavyomtembelea kizuka? Anayekoma hedhi, jambo ambalo kwa wengi huja kati ya miaka 45 na 55 na ambalo huhesabiwa kuwa limetimia baada ya miezi kumi na miwili mfululizo bila damu, hana ngoma wala somo. Ana feni na hasira asizojua zimetoka wapi. Anayestaafu serikalini akifika miaka 60 hupewa hafla ya mchana mmoja na saa ya ukutani. Anayerudi kutoka Saudia hupokewa uwanja wa ndege kwa furaha, kisha baada ya wiki mbili kila mtu humshangaa kwa nini hafurahi, ilhali mtoto aliyemwacha akinyonya anamwita bibi yake mama. Watu hawa wote wamekwishatengwa na hali ya zamani, lakini hakuna aliyewapangia ukumbi wa kukaa wala siku ya kutolewa. Kwa maoni yangu hapo ndipo mahali halisi pa mshauri nasaha anayewahudumia wanawake: katika mabadiliko ambayo hayana ngoma.

Mwanasaikolojia wa Marekani Nancy Schlossberg, aliyeandika juu ya mabadiliko ya watu wazima kuanzia mwaka 1981, aliongeza aina moja ambayo mimi naiona kila mwezi chumbani kwangu. Kuna mabadiliko yanayotarajiwa, kuna yanayozuka ghafla, na kuna jambo lililongojewa likakosa kutokea. Mwanamke wa miaka 39 ambaye hakuolewa, au aliyeolewa miaka kumi bila mtoto, hana tarehe ya msiba wake. Hakuna siku ambayo watu wangeweza kuja kumpa pole, kwa sababu kila mwezi mlango bado uko wazi nusu. Schlossberg alipendekeza pia kuangalia mambo manne kwa kila mtu aliye katika mabadiliko: hali yenyewe ilivyo, mtu mwenyewe alivyo, watu na vitu vinavyomtegemeza, na mbinu alizo nazo za kukabiliana. Ni kipimo chepesi kukariri, nami hukitumia hadi leo, hasa hilo la tatu, kwa kuwa wanawake wetu huweza kuwa na ukoo wa watu themanini na wasiwe na hata mmoja wa kumwachia mtoto kwa saa mbili.

Ukishaona hivyo, swali la masomo linakuwa na maana. Nchini Kenya kazi hii ina sheria yake, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni wanaoifanya, na ni kosa kujitangaza na kutoza ada bila usajili huo. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kulipa hata ada ya fomu, ni kuiuliza Bodi kama programu unayoitaka itakuwezesha kusajiliwa na kwa daraja gani. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimekutana na wanawake waliokusanya vyeti vinne vya mafunzo ya wikendi, wakavitundika ukutani, kisha wakaambiwa kwamba hakuna hata kimoja kinachowafikisha kwenye usajili.

Kwa kuwa una elimu ya ualimu, unaweza kuanzia stashahada ya ushauri nasaha ukapanda polepole, au, ikiwa tayari una shahada, ukaomba nafasi ya uzamili katika saikolojia ya ushauri. Vyuo vikuu vya Kenyatta, Daystar na USIU vina historia ya kufundisha fani hii, na huko Nairobi kituo cha Amani kimekuwa kikiwafunza washauri tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ulizia masomo ya likizo za shule na ya Jumamosi, kwani walimu wengi wamepitia njia hiyo bila kuacha kazi. Unapolinganisha vyuo usidanganywe na wingi wa masomo yaliyoorodheshwa. Uliza mambo mawili tu: nitaketi na wateja halisi kwa saa ngapi kabla ya kuhitimu, na nani atanisimamia nikifanya hivyo? Chuo kisichoweza kujibu swali la pili kwa kutaja mtu na siku ya wiki, kiache.

Usimamizi huo hauishi unapohitimu. Mshauri mwenye miaka ishirini kazini bado hupeleka kesi zake kwa mwenzake mwenye uzoefu, akaeleza alichosema na alichokwepa kusema, kama nilivyofanya na yule mteja wangu. Zaidi ya hayo, wewe mwenyewe utahitaji kuketi kwenye kiti cha mteja kwa muda. Talaka yako ya miaka mitano iliyopita imeshapona kwa kiasi cha kukuwezesha kuwasikiliza wengine, lakini sijui kama imepona kwa kiasi cha kukuwezesha kumsikiliza mwanamke anayetaka kumrudia mume mfano wa yule wa kwako. Hilo hulijui mpaka mtu mwingine akusaidie kuliangalia.

Huenda umeanza kuhesabu miaka na kukata tamaa, kwa hiyo nikupe upande wa pili. Si kila msaada unangoja shahada. Huko Harare, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambacho mtu wa Malindi angekieleza kwa kusema tu ana mawazo. Utafiti wa kazi yao, uliowahusisha watu 573 na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha nafuu kubwa kwa waliohudumiwa, na mtindo huo umefika hadi Zanzibar. Hapa kwetu Kenya, jijini Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wanawake 421 waliowahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia, ambapo wahudumu wa afya wa mtaani wasiokuwa wanasaikolojia waliwapa baadhi yao vikao vitano vya utaratibu ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani, na dhiki ya wanawake hao ikapungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Jambo ninalotaka ulitambue katika mifano yote miwili ni kwamba bibi wale na wahudumu wale hawakuachwa peke yao: walifuata hatua zilizoandikwa, walikuwa na msimamizi, na walijua ni mtu gani wasimshike bali wampeleke hospitalini. Kama kuna mpango wa namna hiyo katika kaunti yako, kujitolea humo kwa mwaka mmoja kutakufunza zaidi kuliko vyeti vinne vya ukutani.

Kumjua wa kupelekwa hospitalini ni ujuzi ambao sitaki uupite haraka. Chukua uzazi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea takriban asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa unyogovu, ambao wenzetu wa Tanzania huuita sonona. Hiyo ni takriban mzazi mmoja katika kila watano, na katika siku arobaini tunazozisifu, naye humo ndani amekandwa, amepikiwa uji wa pilipili manga, na hakuna aliyemwuliza kama anamwogopa mtoto wake. Kuna kipimo cha maswali kumi kilichotungwa Edinburgh mwaka 1987 kwa ajili ya wazazi kama hao, na utafundishwa kukitumia. Swali lake la kumi linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru. Mshauri anayeanza huogopa swali hilo akidhani atamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo, kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na mara nyingi anayeulizwa hupumua. Lakini ukiuliza ni lazima ujue utafanya nini na jibu, kwa sababu unyogovu mkali, na hasa mzazi anayesikia sauti au kuona visivyokuwepo, si kazi ya mshauri peke yake bali ni dharura ya daktari siku hiyo hiyo.

Sheria nyingine nitazitaja kwa ufupi, kwani utahitaji kuzijua kiasi cha kumwelekeza mtu, si kiasi cha kumtetea. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa ni mchango, na wanawake wengi wanaotoka katika ndoa hawalijui hilo. Kwa Waislamu, mambo ya ndoa, talaka na mirathi huweza kwenda kwa Kadhi. Mwenye kupigwa nyumbani unaweza kumpa nambari 1195, ambayo hupigwa bila malipo. Yanayobaki ni ya wakili.

Kuna ugumu mmoja ambao vitabu vya ng'ambo havikuuandikia, nao ni udogo wa miji yetu. Utamsikiliza mwanamke Jumatano, na Ijumaa mtakutana kwenye harusi, amevaa leso jora moja na wifi yake ambaye ndiye mliyemzungumzia. Mimi humwambia kila mteja katika kikao cha kwanza: tukikutana nje, mimi sitakuamkia kwanza, ukiniamkia nitaitikia kama ninavyomwitikia mtu yeyote, na ukinipita sitakasirika. Humwambia pia kwamba mumewe, mama yake au imamu wake akinijia kuuliza alisema nini, jibu langu litakuwa kwamba sithibitishi hata kama namjua. Mume mmoja aliwahi kunijia akiwa na hoja ya nguvu sana, kwamba yeye ndiye anayelipa. Nilimrudishia pesa zake. Na yale utakayoyaandika daftarini yana ulinzi wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo daftari hilo halikai kwenye mkoba wa shule pamoja na madaftari ya darasa la sita.

Hilo linatuleta kwa wanawake wanaokuja kwako sasa. Ukishasajiliwa, hutaweza kuwa mshauri wa dada yako, wifi yako au rafiki wa miaka ishirini. Utawaelekeza kwa wengine, na baadhi yao watakuona umepata kiburi. Jiandae kwa hilo mapema, maana ndilo gharama ya kazi hii ambayo haimo katika orodha ya ada.

Sasa jirani yako. Umesema mumewe alifariki mwaka jana na kwamba hatoki. Huzuni haina ratiba, na kizuka aliyemaliza eda yake halazimiki kuwa amemaliza kulia. Hata hivyo, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu Januari 2022 inatambua majonzi yaliyorefuka, ambapo kwa miezi sita au zaidi, na kupita yale ambayo mila ya mtu mwenyewe huyategemea, hamu ya aliyekufa hutawala kila siku hadi mtu akashindwa kuendesha maisha. Wewe si wa kuamua kama amefika huko. Umeuliza umwambie nini, nami nakuomba usimwambie kitu. Nenda alasiri moja na kitu cha kula pamoja, kaa kwenye mkeka wake, na umtaje marehemu kwa jina, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyelitaja mbele yake tangu arobaini. Kisha muulize kama analala, kama anakula, na kama imewahi kumjia kwamba afadhali na yeye asingekuwepo. Akiogopa kujibu hilo la mwisho kwa hofu ya polisi, mweleze kwamba mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria za adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi mfuatane hadi hospitali ya Malindi, uingie naye mpaka ndani kwa daktari kama atakuruhusu. Akisema hapana, maliza chai yako, umwambie siku utakayorudi, na urudi siku hiyo hiyo uliyoitaja.